Nambari ya simu ya watu wote: 2147483647

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, kazi imenibana kweli kweli, lakini leo nimerudi na mada ambayo nimeiahirisha kwa miaka. Naiahirisha kwa sababu inaanza na aibu yangu mwenyewe. Lakini ndani yake mna hesabu tamu sana, kwa hivyo vumilieni kwanza sehemu ya aibu.

Mwaka wa 2019 nilikuwa chuoni, namalizia shahada ya sayansi ya kompyuta, na kama mnavyojua, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anajiona ameshaiva. Mama yangu wakati huo alikuwa mweka hazina wa chama cha kina mama mtaani kwetu. Wanachama 23. Kila mmoja anatuma shilingi 200 kwa wiki kwenye laini ya chama, kisha mwishoni mwa kipindi wanagawana au mtu anakopeshwa. Hesabu zote zilikuwa kwenye daftari la kurasa 96, lile la kawaida la shule, na Mama alikuwa analibeba kwenye mkoba wake kama Biblia.

Mimi nikamwambia, "Mama, hilo daftari likinyeshewa je? Nitawatengenezea mfumo."

Nikatengeneza. Jedwali moja la wanachama, jedwali moja la malipo. Nambari ya simu ndiyo iliyounganisha mawili hayo: malipo yakiingia kutoka nambari fulani, programu inamtafuta mwanachama mwenye nambari ile na kumwandikia pesa zake. Safu ya simu nikaiweka kuwa ya aina ya INT, yaani nambari kamili ya kawaida. Si ni nambari ya simu? Nambari ni nambari, nikajiambia.

Nikajaribu nyumbani kwa nambari zinazoanza na 07. Zikafanya kazi vizuri, isipokuwa ile sufuri ya mbele ilipotea, nami nikairudisha kwa mstari mmoja wa msimbo nikaendelea na maisha. Dalili ya kwanza hiyo, nikaipuuza.

Kisha taarifa ya malipo ikaja kwa barua pepe, na humo nambari zote zilianza na 254 badala ya 07. Jambo dogo. Usiku wa kuamkia siku ya mkutano nikaandika amri moja ya kubadilisha nambari za wanachama wote zianze na 254, nikabonyeza, na hifadhidata ikanijibu: mistari 23 imelingana, mistari 23 imebadilishwa, maonyo 23. Nikasoma mbili za kwanza. Maonyo sikuyasoma. Ilikuwa saa saba za usiku. Nikaingiza malipo ya wiki nane, nikachapisha karatasi, Mama akaikunja akaitia mkobani bila kuitazama, kwa sababu ananiamini.

Kesho yake alasiri nikapigiwa simu. Sauti ya Mama haikuwa ya kawaida.

"Kijana, njoo hapa."

Nilipofika, karatasi ilikuwa mezani na kina mama wamenyamaza. Kwenye safu ya michango, mwanachama wa kwanza alikuwa na shilingi 36,800. Wengine 22 walikuwa na sufuri. Na mwanachama wa kwanza, kwa sababu ndiye niliyemsajili wa kwanza, alikuwa mweka hazina. Mama yangu.

Sitaki kueleza sana hali ya chumba kile. Wengine walikuwa wanacheka cheka, wengine hawakucheka. Mmoja, ambaye alikuwa na mgonjwa hospitalini na alikuja kuomba mkopo siku ile, aliuliza kwa upole kabisa atakopeshwaje na mashine inasema hajawahi kuchanga hata ndururu. Ule upole wake uliniuma kuliko kelele.

Aliyetuokoa ni bibi mmoja ambaye sote tulimwita Shosho. Aliisogeza karatasi karibu na macho, akapitisha kidole kwenye safu ya simu kutoka juu hadi chini, akasema, "Mbona sote tuna nambari moja?"

Kweli. Watu 23, mistari 23, nambari ileile: 2147483647. Shosho hakuishia hapo. Alitoa simu yake akaipiga nambari hiyo pale pale ili ajue mwenyewe ni nani. Haikuita.

Mama alitoa daftari. Kila mtu akafungua ujumbe wa malipo kwenye simu yake, tukapitia mmoja mmoja, wiki kwa wiki, na daftari halikukosea hata mara moja. Ilitumaliza saa tatu. Yule mama alipata mkopo wake jioni ile. Mimi nilirudi nyumbani nikiwa mdogo kama punje ya mtama, na swali moja: kwa nini nambari ILE, na si nyingine?

Kwa nini nambari ile

Jibu la haraka wanaoprogramu wanalijua. Aina ya INT inahifadhiwa kwa biti 32, yaani swichi 32 za sufuri na moja. Swichi moja inatumiwa kuonyesha alama, kama nambari ni chanya au hasi. Zinabaki 31. Ukiziwasha zote 31, moja-moja-moja hadi mwisho, unapata nambari kubwa kuliko zote zinazoweza kukaa humo, ambayo ni 2^31 − 1, yaani mbili thelathini na moja zikizidishwa pamoja, kisha utoe moja. Hiyo ni 2,147,483,647.

Nambari ya simu inayoanza na 07 ukiisoma kama hesabu haifiki hata milioni 800, kwa hivyo iliingia bila shida. Ikianza na 254 ina tarakimu 12, zaidi ya bilioni 254. Haiingii. Seva yetu ya bei rahisi ilikuwa na mpangilio wa zamani ambao badala ya kukataa, unachukua nambari kubwa iwezekanayo, unaiweka hapo, na kutoa onyo. Yale maonyo 23. Mtungi ulijaa ukingoni na mimi nikawa namimina tu.

Basi usiku ule nikaandika nambari hiyo kwenye mtandao kutafuta watu wenye kosa kama langu. Nikawapata wengi, nikafarijika kidogo. Lakini katikati ya makosa ya watu nikakutana na kitu kingine. Nambari hii ilikuwa maarufu kabla ya kompyuta kuwapo. Ilikuwa maarufu kwa karne mbili.

Barua ya 1772

Nambari tasa, kwa waliosahau hesabu za shule, ni ile isiyogawanyika kwa chochote ila 1 na yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, 13. Mtawa Mfaransa Marin Mersenne aliandika mwaka 1644 orodha ya nambari za umbo la 2 kwa kipeo fulani, toa 1, ambazo alidai ni tasa. Hadi leo zinaitwa kwa jina lake. 2^2 − 1 ni 3. 2^3 − 1 ni 7. 2^5 − 1 ni 31. Kipeo chenyewe lazima kiwe tasa, la sivyo nambari inagawanyika. Lakini kipeo kuwa tasa hakutoshi: 2^11 − 1 ni 2047, nayo ni 23 mara 89.

Kabla ya Mersenne, Mwitaliano Pietro Cataldi alikuwa amedai kwamba vipeo 23, 29, 31 na 37 vyote vinatoa nambari tasa. Fermat akavunja 23 na 37. Leonhard Euler akavunja 29. Katika vinne, kikabaki kimoja tu: 31.

Mwaka 1772 Euler, akiwa St. Petersburg huko Urusi, alimwandikia mwenzake Bernoulli kwamba 2,147,483,647 ni tasa. Amejaribu, haigawanyiki. Wakati huo Euler alikuwa na umri wa miaka 60 na kitu na karibu kipofu kabisa. Hakuna kompyuta, hakuna hata kikokotoo. Ikabaki kuwa nambari tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana duniani kwa miaka mingi.

Hapa ndipo nilipoacha kujihurumia nikaanza kutafuta karatasi na kalamu. Aliwezaje?

Njia ya kawaida ni hii. Ili kuhakikisha nambari ni tasa, unajaribu kuigawanya kwa kila nambari tasa hadi kwenye kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha pili cha nambari yetu ni 46,340 na ushei. Nambari tasa hadi hapo ni 4,792. Hebu fikiria kugawanya nambari ya tarakimu kumi kwa mkono mara 4,792, huku huoni vizuri. Ukifanya kumi kwa siku ni zaidi ya mwaka mzima.

Euler hakufanya hivyo. Alijua siri ya nambari za aina hii, nami nitajaribu kuieleza kwa lugha ya chama.

Tuseme kuna nambari tasa q inayoigawanya 2^31 − 1. Anza na 1, kisha zidisha kwa 2, kwa 2, kwa 2, na kila mara ukipita q chukua baki tu. Baki hizo zinazunguka kama zamu za chama, na lazima siku moja zirudi kwenye 1. Kwa kuwa q inaigawanya 2^31 − 1, baada ya hatua 31 uko tena kwenye 1. Na kwa kuwa 31 ni tasa, hakuna mzunguko mfupi zaidi unaoingia ndani yake. Mzunguko ni wa hatua 31 barabara. Sasa Fermat alishaonyesha kwamba mzunguko kama huu lazima uingie kikamilifu ndani ya q − 1. Kwa hivyo q − 1 ni lazima igawanyike kwa 31. Tena q ni witiri, kwa hivyo q − 1 inagawanyika kwa 2 pia. Ukiunganisha: q ni lazima iwe zidisho la 62, ongeza 1.

Jaribu na ile 2047 uone. Kipeo ni 11, kwa hivyo vigawo vyake lazima viwe zidisho la 22, ongeza 1. 23 ni 22 + 1. 89 ni 88 + 1. Ajabu, sivyo?

Kuna sharti la pili: ukigawanya q kwa 8, baki lazima iwe 1 au 7. Ukiyaweka masharti mawili pamoja, q inaweza kuwa tu ya umbo la 248n + 1 au 248n + 63. Basi. Hadi 46,340 nambari za namna hiyo ni kama 370 tu, na ukiondoa zile ambazo si tasa zenyewe, zinabaki chini ya mia moja. Kutoka majaribio 4,792 hadi chini ya mia! Hiyo ndiyo tofauti kati ya kuandika msimbo na kufikiri kwanza, na mimi ambaye sikuwa nimefikiri hata kidogo kuhusu safu moja ya jedwali nilihisi kama mzee yule ananitazama.

Nilizijaribu zote kwa programu fupi. Ilimaliza kabla sijaondoa kidole kwenye kibodi. Hakuna hata moja inayogawanya. Euler alisema kweli, ingawa hakunihitaji mimi kumthibitishia.

Kamilifu, na "isiyo na faida"

Kuna nambari nyingine inayozaliwa na hii. Nambari kamilifu ni ile ambayo vigawo vyake, bila yenyewe, vikijumlishwa vinaitoa tena. 6 ni 1 + 2 + 3. 28 ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Euklidi wa Ugiriki ya kale alionyesha kwamba kila ukipata nambari tasa ya umbo la Mersenne, ukiizidisha kwa kipeo cha mbili kilicho nyuma yake hatua moja unapata nambari kamilifu. Kwa yetu: 2^30 mara 2^31 − 1, ambayo ni

2,305,843,008,139,952,128

Nambari kamilifu ya nane. Mwingereza Peter Barlow aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1811 kwamba hiyo ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa, kwa kuwa nambari hizi ni za kustaajabisha tu, hazina faida, na hakuna mtu atakayejisumbua kutafuta nyingine.

Maskini Barlow. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha kwamba 2^127 − 1, yenye tarakimu 39, ni tasa, na hapo hapo nambari kamilifu kubwa zaidi ikapatikana. Oktoba 2024 ilitangazwa 2^136279841 − 1, yenye tarakimu zaidi ya milioni 41. Watu wamejisumbua vya kutosha. Na kuhusu kutokuwa na faida, nambari ya Euler leo imo katika karibu kila kompyuta na simu duniani, kama ukuta wa mwisho wa biti 32.

Hapa kuna jambo lingine ninalolipenda. Kompyuta zinapenda biti 8, 16, 32, 64, 128. Ukiondoa biti ya alama, mipaka yake ni hii:

- Biti 8: 127. Ni tasa.
- Biti 16: 32,767. Si tasa, ni 7 × 31 × 151.
- Biti 32: 2,147,483,647. Ni tasa.
- Biti 64: 9,223,372,036,854,775,807. Si tasa, inagawanyika kwa 7.
- Biti 128: 2^127 − 1, ile ya Lucas. Ni tasa.

Tasa, si tasa, tasa, si tasa, tasa. Msikimbilie kusema mpangilio unaendelea milele. Hatua inayofuata, biti 256, si tasa, sawa. Lakini biti 512 ina kipeo 511, nacho ni 7 × 73, kwa hivyo nayo si tasa. Mpangilio umekatika. Hesabu ina tabia hiyo, inakupa mkono halafu inauondoa.

Na je, tukitumia nambari yetu yenyewe kama kipeo? Yaani 2^2147483647 − 1? Hiyo ina tarakimu zaidi ya milioni 646. Hakuna anayeweza kuichapisha akaisoma. Lakini tunajua si tasa! Mwaka 1983 Guy Haworth alipata kigawo chake: 295257526626031. Mnaweza kukihakikisha wenyewe kwenye kipakatalishi chenye Python, mstari mmoja:

pow(2, 2147483647, 295257526626031)

Jibu ni 1, na linakuja mara moja, kwa sababu programu haihesabu ile nambari nzima, inachukua baki kila hatua, na hatua zenyewe ni chache. Na tazama: kigawo hicho ukikitoa 1 kinagawanyika kwa 2,147,483,647. Kanuni ileile ya Euler na zamu zake.

Zamu bila kuruka mtu

Nambari hii pia imefanya kazi ya maana. Mwaka 1988 Stephen Park na Keith Miller walipendekeza njia rahisi ya kompyuta kuzalisha nambari zinazoonekana za kubahatisha. Chukua nambari, zidisha kwa 16807 (ambayo ni 7 kwa kipeo cha 5), gawanya kwa 2147483647, chukua baki. Rudia. Ukianza na 1 unapata 16807, kisha 282475249, kisha 1622650073, na kuendelea.

Uzuri wake ni kwamba inapita kila nambari kuanzia 1 hadi 2,147,483,646 mara moja tu kabla ya kurudi mwanzo. Hakuna anayerukwa, hakuna anayepokea mara mbili. Chama safi kabisa. Haiwezekani hivyo kama nambari ya kugawanyia si tasa. (Tafadhali msiitumie kutengeneza nywila. Kwa michezo na majaribio ni sawa, kwa siri si salama.)

Ukuta bado upo

Msifikiri ni mimi tu niliyegonga ukuta huu. Desemba 2014 YouTube walitangaza kwamba video ya "Gangnam Style" imetazamwa hadi kuvuka nambari hii, jambo ambalo hawakulitarajia, na hesabu yao ikahamia biti 64. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliagiza ndege za Boeing 787 zizimwe umeme wote mara kwa mara, kwa kuwa mitambo ya kudhibiti jenereta ingejizima ikiwashwa siku 248 mfululizo. Ukihesabu muda kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, 2^31 zinatimia baada ya siku 248 na nusu. Mnaikumbuka 248 ya Euler? Hiyo ni sadfa tupu, nimeihakikisha, lakini iliponijia mara ya kwanza nilisimama kitini.

Na kubwa zaidi linakuja. Mifumo mingi ya kompyuta huhesabu muda kwa sekunde tangu 1 Januari 1970. Sekunde ya 2,147,483,647 itafika Jumanne, 19 Januari 2038. Kwa saa zetu za Nairobi itakuwa saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi, sekunde ya saba. Mashine ya biti 32 ambayo haijarekebishwa ikiongeza sekunde moja, biti ya alama inawaka, nambari inageuka hasi, na mashine inaamini ni 13 Desemba 1901. Huo ni mwezi reli ya kutoka Mombasa ilipofika ziwani, pale panapoitwa Kisumu leo.

Kompyuta na simu nyingi za sasa zinatumia biti 64 na hazitasumbuka. Ninaowaza mimi ni vile vifaa vidogo vilivyofungwa ukutani na kusahaulika, na programu ndogo zilizoandikwa saa saba za usiku na vijana wasiosoma maonyo.

Baada ya hapo

Siku hizi nambari za simu naziweka kama maandishi, si kama hesabu. Hakuna anayejumlisha nambari za simu! Kitu usichokijumlisha si hesabu hata kikiwa na tarakimu tupu: kitambulisho, nambari ya akaunti, nambari ya stakabadhi. Hilo ni la kwanza. La pili, jaribu kwa data ya umbo lile litakalokuja, si lile linalokupendeza. La tatu mnalijua: ukiambiwa kuna maonyo 23, soma hata moja.

Wiki mbili baada ya mkutano ule niliurekebisha mfumo, nikamwomba Mama niueleze tena kwa chama. Alikubali kwa sharti moja, kwamba daftari libaki, na kila mwezi mimi ndiye nilinganishe karatasi na daftari, si daftari na karatasi. Nililalamika kidogo kuhusu mpangilio wa maneno. Akaniambia, "Daftari halijawahi kuniita mwizi."

Sikuwa na jibu. Mpaka leo nafanya hivyo hivyo, kila mwezi, nikiwa nyumbani au kwa simu, yeye anasoma na mimi nalinganisha.

Na Shosho aliihifadhi ile nambari kwenye simu yake. Alinionyesha mwenyewe siku moja nikimsalimia. Ameiandika kwa jina "Kompyuta", na kila tunapokutana ananiuliza kama imeshaanza kuita.

Haya, nirudi kazini. Nikiwa hai na mko hai, tuamke mapema ile Jumanne ya 2038, tuchemshe chai, tuitazame saa pamoja.